Nyayo Zangu kwenye Theluji ya Abbey Wood

Leo nimeletewa machela nikiwa mzima wa afya.

Na siyo machela tu. Machela, mablanketi mawili, na bwana misitu aliyekuwa anahema kuliko mgonjwa. Naandika haraka, mguu wa kulia nimeutia kwenye beseni la maji ya moto, kabla Zuhura hajafika hapa kwenye jukwaa letu la mtandaoni akawasimulia kwa namna yake. Zuhura akisimulia huongeza chumvi. Mimi nawapa kama ilivyokuwa. Inatosha, hakuna cha kuongeza.

Nianze mwanzo.

Wengi mnajua nafanya kazi nyumba ya wazee hapa Thamesmead, London. Pale kuna Mzee Magnus, miaka themanini na sita, mzaliwa wa kisiwa cha kaskazini kabisa, kule ambako Scotland yenyewe imeishiwa ardhi. Kila asubuhi nikimvalisha soksi ananisimulia kilima kilichokuwa nyuma ya nyumba yao. Kilivyokuwa kikifunikwa na theluji. Jua la kule, anasema, linatoka saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri limeshakwenda zake. Hana hata picha moja ya mahali hapo. Siku moja nikaropoka, "Mzee, nitakuletea picha mimi." Akanishika mkono. "Iwe baridi hii, Rajabu," akasema. "Ya mwakani sikuahidi kama nitakuwepo."

Sasa mtu utarudi nyuma vipi hapo?

Nikajiunga na kikundi cha watembeaji wenye kamera. Tunakutana maktaba. Kiongozi wetu ni Bi Morag, mwalimu mstaafu, Mskochi, mwembamba, hasikii baridi wala visingizio. (Maneno yake nawapa kwa Kiswahili. Kwa lafudhi yake hata mimi huambulia nusu.) Kila mwaka, mwezi wa Februari, anachukua watu wanane kwenda kisiwa hicho hicho cha Mzee Magnus, kupanda vilima na kupiga picha. Saba walishapatikana. Nafasi ikabaki moja, na wanaoitaka tuko wawili: mimi na Zuhura, Mzanzibari wa Tooting, mfamasia, mwenye kamera ya dijitali na mdomo unaomtosha yeye na majirani.

"Theluji ikianguka hapa London," akasema Bi Morag, "nitawapima msituni. Njooni mmevaa kama mnakwenda kisiwani."

Ndipo zikaja buti.

Mnanijua. Mimi silipi bei ya kwanza. Hata ya pili huwa naiangalia kwa wasiwasi. Nikaenda soko la Jumamosi, nikaikuta meza ya viatu vya mlimani. Juu ya meza, mwisho huu buti moja, mwisho ule buti nyingine, aina moja, saizi moja. Nikamwambia muuzaji, "Nataka hizi za mezani. Zimepigwa na mvua, zimeshikwashikwa na kila mpita njia. Punguza."

"Ngoja nikuletee za kwenye boksi," akasema.

(Haa! Nikaushtukia mtego. Za boksi zitakuja na bei ya boksi.)

"Sitaki za boksi. Hizi hizi."

"Hizi hizi mbili? Una uhakika?"

"Hizi hizi mbili."

Akanitazama. Akatazama buti. Akanitazama tena, akashusha bei kuliko hata nilivyokuwa nimepanga kuomba. Nikajua nimemweza. Nikajaribu moja pale pale, ya kushoto, ikanikaa kama nimezaliwa nayo. Ya pili sikuona haja, si pacha wake? Nikahesabu: moja, mbili. Nikarudia, maana masoko ya huku wajanja wengi: moja, mbili. Nikaondoka kifua mbele.

Theluji ikaanguka juzi. Jana jioni Bi Morag akapiga simu: kesho, saa tatu asubuhi, msitu wa juu ya Abbey Wood.

Leo asubuhi nikavaa soksi sita, tatu kila mguu, nikahesabu mara mbili. Buti ya kushoto ikaingia vizuri. Ya kulia ikaleta ubishi. Nikaisukuma, ikanisukuma. Mwishowe ikaingia, lakini vidole vikawa vimepangwa kama abiria wasioelewana. Nikajiambia: buti mpya hiyo, tena ya mlimani, itazoea.

Njiani kutoka stesheni Zuhura akanitazama miguu.

"Yakhe Rajabu, mbona mguu wako mmoja unataka kurudi Thamesmead?"

"Ndio mwendo wa mlimani huu."

"Mlima upo wapi hapa?"

"Najizoeza."

Pale msituni alikuwepo Bi Morag na wanakikundi wanne waliokuja kutazama tu, na chai zao. Akatupa masharti. Kila mmoja ashike njia yake kwa saa moja. Apige picha tatu, basi, ya nne usiiote, kwa sababu kule kisiwani mwanga ni mchache na asiyejua kuchagua atarudi na giza. Filimbi ikilia mara tatu, acha chochote unachofanya, rudi kwenye gogo hili.

"Naangalia macho yenu," akasema. "Na naangalia miguu yenu."

(Miguu, jamani.)

Nikaingia msituni. Uzuri wake siwezi kuwaeleza. Theluji safi, haijakanyagwa na mtu, miti imesimama kimya kama watu wanaosubiri kuitwa majina. Nikapiga ya kwanza. Nikasogea, mguu wa kulia ukilalamika kila hatua. Mahali fulani nikakaa chini kuupumzisha. Nikasogea tena. Chini ya mwaloni mkubwa nikatua begi, nikasimamisha stendi ya kamera, nikapiga ya pili. Yangu ni kamera ya filamu, sibahatishi. Nilikuwa naisubiri ya tatu, jua litokeze kidogo tu, mara:

Filimbi. Mara tatu.

Nikachomoa kamera, nikaacha vitu vyote hapo hapo kama nilivyoagizwa, nikakata hadi kwenye njia ya watembeza mbwa iliyokwisha kukanyagwa, nikarudi mbio. (Mbio zangu leo zilikuwa za upande upande.)

Zuhura alikuwa wa kwanza kufika gogoni, macho yamemtoka. Yeye ndiye aliyesababisha filimbi.

"Njooni muone," akasema. "Mie nimekuta nyayo za ajabu. Naona kuna mtu kaumia."

Tukamfuata wote. Na kweli! Kwenye theluji palikuwa na mistari miwili ya nyayo, inakwenda sambamba kuingia msituni. Mstari wa kushoto, mguu wa kushoto. Mstari wa kulia, mguu wa kushoto. Nikainama nikahesabu nyayo ishirini. Nikarudia. Ishirini, na hakuna hata mmoja wa mguu wa kulia.

Nikaona hapa ndipo pa kumwonyesha Bi Morag macho yangu yalivyo.

"Ni watu wawili," nikasema. "Kila mmoja ana mguu mmoja. Wanarukaruka huku wameshikana mabega."

"Wee," akasema Zuhura, "watu wa mguu mmoja mmoja wanatafuta nini kwenye theluji?"

"Pengine ni chama. Nchi hii kila kitu kina chama."

Bi Morag akaniangalia kwa makini. "Endelea," akasema.

Nikaendelea! "Huyu wa upande wa kulia anaumia zaidi. Mwone anavyoburuta. Tena anamvuta mwenzake upande. Hawa hawatafika mbali."

"Umeona vizuri sana, Rajabu," akasema Bi Morag, akatoa simu kumpigia bwana misitu.

Umeona vizuri sana! Moyoni nikawa nishapanda meli. Nilikiona kilima cha Mzee Magnus hiki hapa, natafuta pa kusimamisha stendi.

Bwana misitu akaja baada ya robo saa, mtu mnene, mashavu mekundu, machela begani na mablanketi mawili kwapani.

"Wangapi?" akauliza.

"Wawili," nikajibu mimi, kabla hajaulizwa mtu mwingine. "Miguu miwili kwa jumla."

Msako nikauongoza mimi. Hakuna aliyeniomba. Nilitangulia mbele, natembea pembeni ili nisiharibu ushahidi, napaza sauti: "Haloo! Msiogope! Tunakuja!" Nyuma yangu bwana misitu na machela, Bi Morag, Zuhura, na wale wanne na chai zao. Tukafika mahali palipobonyea.

"Hapa walikaa wakapumzika," nikasema.

Zuhura akapachunguza. "Walikaa wawili, mbona alama ya makalio ya mtu mmoja?"

"Walipokezana."

(Nilisema hivyo. Kwa sauti. Mbele za watu.)

Tukaenda tena. Nyayo zikapinda, zikazunguka kichaka, zikanyooka, zikafika chini ya mwaloni mkubwa. Hapo chini palikuwa na begi la bluu, stendi ya kamera, na chupa ya chai.

"Maskini!" akasema bwana misitu. "Wameacha hadi vitu vyao."

Nililitazama lile begi, nalo kama linanitazama. Zuhura akaiokota chupa ya chai. Sasa, kule kazini kwetu kila kitu tunakiandika jina, hata kijiko. Akasoma ubavuni, taratibu, kama anasoma dozi:

"Rajabu. Chumba cha wafanyakazi."

Theluji ikadondoka kutoka kwenye tawi, puu.

"Rajabu," akasema Zuhura. "Hebu nyanyua mguu wa kushoto."

Nikanyanyua.

"Haya, shusha. Nyanyua wa kulia."

"Wa nini sasa?"

"Nyanyua, yakhe!"

Nikaunyanyua. Watu saba wazima wakainama kwa pamoja kutazama soli ya kiatu changu, halafu wakatazama chini, halafu wakarudi kutazama soli. Mmoja wa wale wanne akanywa chai ikampalia.

Bwana misitu ndiye pekee aliyekuwa bado hajaelewa. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Na mwenzako yuko wapi?"

"Ndiye mimi," nikasema. "Wote wawili."

Jamani. Zuhura alikaa chini. Kwenye theluji. Akajaribu kusimama, akatazama buti zangu, akakaa tena. Wale wanne walishikilia miti. Bwana misitu akatoa daftari lake, akakuna kichwa, akaandika kitu kirefu sana. Halafu akanifunika blanketi. Nikamwambia sihitaji. Akasema ameshalibeba msitu mzima, lazima mtu alifunike. La pili nalo akaniwekea juu yake. "Hili la yule mwingine," akasema, na hapo hata yeye akaangua kicheko.

Machela nilikataa. Nina heshima zangu. Nikashuka hadi gogoni kwa miguu yangu, kushoto kushoto, kushoto kushoto, nimejitanda mablanketi mawili kama bibi harusi.

Pale gogoni nikavua buti. Mguu wa kulia ulikuwa mwekundu, umevimba, kidole gumba kimepoteza dira. Bi Morag akauangalia. Hakuwa anacheka tena. Hapo ndipo nilipoumia kweli, maana niliona nafasi inaondoka. Nani atampeleka mtu kama mimi mlimani, kwenye barafu? Nikaanza kutunga moyoni nitakachomwambia Mzee Magnus nikienda kumvalisha soksi. Sikupata hata sentensi ya kwanza.

"Umetembea na hivi tangu asubuhi?" akauliza Bi Morag.

"Ndiyo."

"Na hukulalamika?"

"Nilidhani ndivyo buti za mlimani zilivyo."

Kisha akatutazama mimi na Zuhura.

"Kule kisiwani ukungu hushuka ghafla," akasema. "Mtu akipotea namtafuta kwa nyayo, na nyayo za watu wote hufanana, napoteza muda mwingi. Huyu nitamjua popote. Nafasi ni ya Rajabu. Buti nitamchagulia mwenyewe, na dukani ataingia akiwa amefunga mdomo."

"Bi Morag!" Zuhura akaruka. "Kwa hivyo mie ningevaa za kulia zote mbili ningekwenda?"

"Wewe ni wa kwanza mwakani. Na ile picha uliyopiga ndiyo bora ya leo."

Sikuwa najua kuna picha. Zuhura akanigeuzia kamera yake. Alikuwa ameipiga alipozikuta zile nyayo, kabla ya filimbi: msitu mweupe, mwanga unapita katikati ya miti, na mistari miwili ya kushoto inakwenda mbali hadi kupotea. Nzuri, mwanakwetu! Nzuri kiasi kwamba nilisahau kwa sekunde mbili ni za nani.

Nilipofika nyumbani nikapiga simu kazini, wakampelekea Mzee Magnus. Nikamwambia nimepata nafasi.

"Simama mlangoni kwetu," akasema. "Bahari iwe kushoto kwako. Hapo ndipo kinapoonekana chote."

Nikamwambia nitasimama hapo.

Basi ndugu zangu, habari ndiyo hiyo. Picha ya Zuhura inabandikwa ukutani maktaba kuanzia Jumatatu, kubwa, yenye fremu, kwa mwezi mzima. Mkipita, nawaomba kitu kimoja tu. Tazameni miti. Tazameni mwanga. Theluji imetoka vizuri sana, tazameni theluji.