Chama cha Mafundi wa Kufuli na Mwanachama Wake

Serikali, baada ya kutafakari kwa kina na vikombe viwili vya chai, ilitangaza kwamba tangu siku hiyo ni marufuku mtu yeyote kuishi kwa ufundi wake bila chama. Kila fani iwe na chama, na kila chama kiwe na katiba, mwenyekiti, Kamati ya Maadili na Nidhamu, na kisiwe cha faida. Na kwa kuwa vyama navyo huugua, Kanuni ya Tisa ilisema wazi: chama kikibaki bila mwanachama hai, Msajili wa Vyama atakaimu kazi zake zote mpaka kipone. Tangazo lilipigiwa makofi na wote waliokuwepo, yaani waliolitunga.

Mjini kulikuwa na fundi wa kufuli mmoja tu. Alikuwa na meza kando ya ukuta wa posta, mwavuli juu, sanduku la vifaa chini. Hakubisha. Alianzisha chama, akajichagua mwenyekiti kwa kura moja dhidi ya sifuri, akajikabidhi na ukatibu. Sharti la kutopata faida alikuta amekwisha kulitimiza kwa miaka kumi na tisa.

Mwisho wa mwaka akapeleka taarifa. Msajili, mtu mnene wa mwili na wa cheo, aliifunua, akaifunika.

"Fundi, hapa pa nidhamu umeandika 'hakuna'."

"Hakuna, mkuu. Wanachama wote wana adabu."

"Chama kisichomwadhibu hata mtu mmoja ni maiti. Kesho ndiyo siku ya mwisho. Leta jina, la sivyo nakifuta, na ile meza yako pale ukutani naiondoa."

Fundi alirudi nyumbani amenywea. Mkewe alikuwa anakunja nguo.

"Andika jina lako basi, baba watoto," mkewe alisema. "Karatasi tu hiyo. Itakung'ata?"

Basi Kamati ikaketi. Fundi alijishtaki kwa kuchelewa kikao, akajitetea kwa ufasaha mkubwa, hakujiridhisha, akajisimamisha kazi miezi mitatu.

Kesho yake saa nne asubuhi Msajili alisoma hukumu ile, akafurahi mno, akaigonga muhuri. Kisha akasema utekelezaji unaanza sasa hivi. Katibu muhtasi wake, mama mtu mzima anayefuata taratibu mpaka taratibu zenyewe huchoka, akalifunga sanduku la vifaa, ambalo fundi alikuja nalo, kwa kufuli ya serikali. Ufunguo ukaingia mfukoni mwa Msajili.

Fundi angeifungua kufuli ile kwa muda wa kupiga chafya mbili. Lakini kufungua ni kufanya kazi, naye amesimamishwa. Miezi mitatu watoto watakula nini? Alibaki kwenye benchi la ofisini, sanduku magotini, maana hakujua ataingiaje nyumbani.

Saa saba Msajili akajifungia ndani kama kila siku, ili atafakari bila kusumbuliwa na wananchi. Mlango ulikuwa wa chuma. Aliuagiza mwenyewe kwa sababu ya wananchi hao hao. Saa nane zikasikika kelele.

"Ufunguo umenikatikia kwenye kitasa! Fundi yupo?"

"Yupo, mkuu," katibu muhtasi alijibu. "Lakini amesimamishwa."

"Nimemsamehe!"

"Naomba iwe kwa maandishi, mkuu," fundi alisema kwa heshima zote.

Karatasi ikapenya chini ya mlango. Katibu muhtasi aliisoma, akatikisa kichwa.

"Haina muhuri. Umebandika mwenyewe hapa ukutani: barua isiyo na muhuri si barua."

"Muhuri si uko mezani kwako? Gonga!"

"Umebandika pia kwamba muhuri haushikwi na mtu mwingine."

"Basi nipe mimi!"

Katibu muhtasi akausukuma kwa rula chini ya mlango, kwani kuushika haruhusiwi. Ulikuwa mnene kama Msajili mwenyewe. Haukupita.

Huko ndani Msajili akamwita mama yake. Fundi, ambaye amekaa siku nzima hana la kufanya zaidi ya kusoma kanuni ukutani, akasogea mlangoni.

"Mkuu, tangu saa nne chama changu hakina mwanachama hai. Kanuni ya Tisa. Fundi wa kufuli wa mji huu ni wewe."

Katibu muhtasi akachomoa pini mbili za nywele. Hizo zilipita bila taabu. Fundi akaketi sakafuni kutoa ushauri, baada ya kuhakikisha kwamba ushauri si kazi.

"Hiyo nyembamba ivute kwako taratibu, mkuu. Usikimbilie."

"Imenichoma kidole!"

"Ndiyo kazi yenyewe. Pole."

Mlango ulifunguka saa kumi na moja jioni. Msajili akatoka shati limelowa, vidole vimechubuka, akakuta watu kwenye foleni. Walikuwa wamemkosa fundi pale posta, wakaelekezwa huku, na katibu muhtasi amekwisha kuwaeleza ni nani anayekaimu.

"Shikamoo, Kaimu Fundi," alisema muuguzi mwenye kufuli ya kabati la dawa.

Nyuma yake mzee mmoja alikuwa amebeba mlango mzima. "Nasikia chama si cha faida," alisema. "Kwa hiyo ni bure?"

"Tokeni mbele ya macho yangu!" Msajili akaurukia muhuri, akagonga ile barua ya msamaha mara tatu, akamtupia fundi ufunguo wa sanduku. Fundi akafungua kufuli, akashukuru. Ila hakuondoka.

"Mkuu, taarifa ya mwaka sasa imebaki tena bila jina. Na leo ndiyo siku ya mwisho."

Hapo hapo Kamati ikaketi. Akidi ikatimia. "Mwanachama mmoja," fundi akasoma, "akiwa anakaimu, ametumia saa tatu kwa kitasa cha dakika mbili, amekikwaruza, na amewafukuza wateja. Miezi mitatu."

"Mimi si mwanachama!"

"Mchana wa leo chama kizima kilikuwa wewe peke yako, mkuu."

Msajili alikuwa na njaa, na alitaka kwenda kwake. "Haya, lete! Karatasi tu hiyo." Akagonga muhuri.

"Utekelezaji unaanza sasa hivi," katibu muhtasi alisema. "Vifaa vya mwanachama vifungwe."

"Mimi nina vifaa gani?"

Mama yule aliusukuma muhuri kwa rula mpaka ukadondokea kwenye droo. Fundi akaifunga droo kwa kufuli ya serikali, akatia ufunguo mfukoni.

Msajili aliivuta droo, ikagoma. Kisha akauliza, kwa sauti ya mwananchi, rufaa hukatwaje.

"Rahisi tu, mkuu," fundi alisema, akijitwika sanduku lake. "Niletee barua. Yenye muhuri."