Ramani ya Mpira wa Mita Moja

Wananchi wa Machakos walitangaziwa, wapende wasipende, kwamba kuanzia mwaka ule wa 2003 hakuna mtu aliyeruhusiwa kuunganisha mpira wa gesi kwenye meko yake kwa mikono yake mwenyewe. Mikono ya mwananchi haikuwa imesajiliwa.

Aliyebuni hekima hiyo ni Bwana Musembi, Msimamizi wa Idara ya Miunganisho ya Gesi Majumbani, mtu aliyewapenda wananchi kiasi cha kukosa usingizi, isipokuwa ofisini baada ya chakula.

Wa kwanza kupendwa alikuwa Syombua, jirani yake, aliyepika chai na muthokoi wa mahindi na maharage kwenye kibanda nyuma ya ofisi. Moshi ulikuwa umemharibu kifua, na daktari alimwambia achague makaa au mapafu. Akajinyima mwaka mzima, akanunua meko ya gesi, akaenda kuuliza bei ya kufungiwa.

"Elfu tisa na mia nne," akasema Musembi kwa upole. "Mafundi wawili waliosajiliwa, mkaguzi, cheti, na ramani ya njia ya mpira."

"Aiii, Bwana Musembi! Mpira ni mita moja. Ramani ya nini?"

"Gesi isipotee njia, mama."

"Pale Tala mpira na klipu mbili ni mia nne. Na mimi niko na bisibisi."

"Bisibisi yako iko na cheti?"

Haikuwa nacho. Syombua akaenda Tala, akanunua, akafunga mwenyewe, akapaka povu la sabuni kwenye maungio aone kama gesi inavuja, halafu akateleka sufuria. Ilimchukua dakika kumi, haraka ya hatari ambayo hakuna idara ingeweza kuivumilia.

Musembi aliumia moyoni. Akapanga mambo: Alhamisi Mkurugenzi angekuja kutoka Nairobi, anywe chai nyumbani kwa Musembi, aone meko iliyofungwa kisheria, kisha waende pamoja kuinyakua ile ya Syombua. Baada ya hapo Musembi angepandishwa cheo, na Syombua angerudi kwenye makaa.

Alhamisi asubuhi mkewe, Nthambi, akatoka jikoni ameziba pua.

"Baba Muli, gesi inanuka."

"Haiwezi. Cheti kiko ukutani."

"Basi washa wewe."

Musembi akakitazama kiberiti, akakitazama cheti, akagundua kwamba imani yake ilikuwa na mipaka. Nthambi alikuwa ameshafunga mtungi na kufungua madirisha. Hakuomba ruhusa ya idara, akamwita Syombua.

Syombua akaja na kikombe cha povu, bisibisi yake na klipu mbili za akiba. Akapiga magoti, akachungulia nyuma ya mtungi, akacheka mpaka akakohoa. Hakukuwa na klipu hata moja. Mafundi waliosajiliwa walikuwa wameufunga mpira kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Mkaguzi naye alikuwa amekagua cheti, akakikuta kizuri sana.

"Elfu tisa na mia nne," akasema Nthambi.

Syombua alikuwa anakaza klipu ya pili Mkurugenzi alipobisha hodi na kuingia moja kwa moja.

"Huyu mama ni nani?"

Maji yakamfika Musembi shingoni. Akisema ni mama wa chai, basi amevunja sheria yake ndani ya nyumba yake. Akinyamaza, cheo kwaheri.

"Ni... ni Mkaguzi wetu Mkuu."

Mkurugenzi akafurahi mno. Miaka ishirini kazini, hakuwahi kuona mkaguzi aliyepiga magoti. Akatoa daftari. "Mkaguzi, ile meko haramu ya kibandani, twende tuichukue?"

Musembi akamkodolea Syombua macho ya kuomba. Syombua hakuwa na haraka. Akafungua mtungi, akapaka povu, akangoja. Hakuna kilichovuja. Akawasha moto, ukawa wa buluu safi.

"Hiyo nimeikagua mwenyewe," akasema. "Ni nzima kabisa, ibaki pale ilipo. Tuanze na zile zilizofungwa na mafundi wa Bwana Musembi. Zote, na leo."

"Naam! Musembi, msaidie Mkaguzi."

Musembi akakabidhiwa kikombe cha povu. Akakibeba kwa mikono miwili, Mkurugenzi akiandika nyuma yake, mpaka nyumba ya kwanza. Huko akakimbilia ukutani, akaanza kusoma cheti kwa sauti.

"Wacha karatasi, Baba Muli," akasema Syombua. "Piga magoti. Ukisimama hivyo huwezi kuona kitu."