Mchujo wa Kwenda Karema

Jumapili, 4 Agosti 1996
Balaa! Baada ya misa Mwalimu Pontien katangaza mchujo. Lori la kwenda Karema, kuimba sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, litabeba waimbaji thelathini. Kwaya yetu hapa Shanwe ina watu thelathini na wanane. Mama yangu yuko Karema. Sijamwona miaka minne, na nimeshamwandikia kwamba mimi ndiye ninayeanzisha nyimbo. Sianzishi. Mara nyingi naambiwa nipunguze sauti.

Nimepata mpango. Nje ya kanisa watu walibishana: mchujo hasa ni nini, na neno limetoka wapi? Hakuna aliyejua. Atakayelieleza ataonekana msomi, atawekwa kwenye kamati. Na nani atamchuja mjumbe wa kamati?

Jumanne, 6 Agosti
Kamusi ya shule imeliwa na panya, kurasa zote hadi herufi M. Nimekwenda kwa Mama Matilda, mjane anayeuza asali. Akasema neno hilo ni la kazi hii hii, akanipa mfuko wa masega niukamue juu ya ndoo. Asali inapita, nta na nyuki waliokufa wanabaki. Nikauliza kama nta inatupwa. Alicheka sana. Akasema nta ndiyo mishumaa ya kanisa, na asiyejua cha kufanya na nta asishike chujio. Hilo sikulitilia maanani. Kalamu inanata.

Alhamisi, 8 Agosti
Bado nakamua. Nyuki mmoja hakuwa amekufa. Jicho la kushoto limefumba kabisa.

Jumapili, 11 Agosti
Ushindi! Nimelieleza neno mpaka wazee wakatikisa vichwa kwa kukubali. Nimechaguliwa katibu wa kamati! Hapo hapo nikapendekeza sharti: aliyekosa mazoezi mara mbili mfululizo achujwe bila huruma. Nilimlenga Ezekia. Hunikanyaga kila tukiimba Utukufu, na wiki hii yote alikuwa Kapalamsenga kununua samaki, migebuka. Makofi!

Mwalimu Pontien akafungua daftari la mahudhurio. Ezekia alikuwa na ruhusa ya maandishi. Jina la kwanza kusomwa: langu, Cletus. Jumanne na Alhamisi, hayupo. Mazoezi! Nilikuwa kwenye asali!

Katibu ndiye anayeandika majina ya waliochujwa. Nimeliandika la kwangu kwa mkono wangu. Njiani nimelia, sioni haya kusema. Mama atakaa benchi la mbele.

Jumatano, 14 Agosti
Nimo kwenye lori! Mama Matilda kamwambia Mwalimu Pontien kwamba mishumaa yake, zawadi kwa kanisa la Karema, haiendi bila mtu wa kuipakata, na mtu huyo ni mimi. Nimekaa chini kati ya masufuria, boksi mapajani. Ezekia kasimama juu ya mguu wangu. Vumbi hadi kwenye meno.

Alhamisi, 15 Agosti
Wakati wa kupeleka vipaji altareni nilitangulia mbele ya wote na mishumaa. Mama akasimama, akapiga vigelegele peke yake kanisa zima. Baada ya misa alinishika uso, akalitazama jicho langu. Nikakiri kwamba sianzishi nyimbo. Akasema anajua. Nilipokuwa mdogo nikiimba, bata wa jirani walikimbilia ziwani, na leo amemshukuru Mungu kwamba nilibeba tu. Nilifurahi hadi chakula kikanishinda. Mama kabaki na shati langu la sare, alifue na kulishona kwapani.

Jumapili, 18 Agosti
Shanwe. Kwaya imealikwa Sumbawanga mwezi ujao. Mchujo tena! Safari hii niko macho, yote mawili. Nimempelekea Mwalimu Pontien sharti jipya, naye kalikubali papo hapo: atakayefika bila sare safi siku ya kuandika majina achujwe bila huruma. Majina yanaandikwa kesho. Ezekia kwisha! Shati lake lina doa la mawese, halitoki hata kwa dawa.

Langu ni safi kabisa. Liko Karema.