Mjane Hasemeki

Jumatatu, 9 Juni

Siku mbaya. Mbaya kabisa kwa fasihi! (Kwangu mimi huenda ikawa nzuri. Nitaeleza.)

Jana alasiri nilimpeleka mke wangu sinema, ng'ambo ya barabara, mkabala na maktaba ninakofanya kazi ya ukarani. Filamu yenyewe imetokana na Mjane wa Mizani. Riwaya ya kurasa mia sita na kumi na mbili! Babu zetu waliisoma, watoto wetu wanaifanyia mtihani. Kisa chake kila mtu anakijua: mjane anapima nafaka sokoni, na tangu mumewe azikwe hajafungua kinywa, mpaka ukurasa wa mwisho anaposema neno. Moja tu.

Kwenye filamu alianza kusema kabla watu hawajakaa. Akasema na mizani. Akasema na mbuzi. Akaimba. Halafu akapanda pikipiki.

Nikainuka, nikatoka kwa hasira. Nikarudi kwa sababu nilisahau mwavuli. Nikakaa mpaka mwisho ili nipate ushahidi. Mke wangu alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Ukumbi mzima tulikuwa watu tisa, mmoja amelala.

Ndipo wazo likanijia. Jumamosi chama chetu cha wasomaji kinachagua mwenyekiti. Aliyeko sasa ni mfamasia wa pale kona. Watu wanamwita Daktari. Si daktari! Anauza dawa ya kikohozi. Ila amesoma kila kitu, na huo ndio udhia wake. Sasa, nikiongoza maandamano ya kuitetea riwaya, nani atamkumbuka mfamasia?

Kuna kijidosari kimoja, nakiandika hapa tu. Riwaya yenyewe nimeisoma hadi ukurasa wa themanini na moja. Kwa miaka kumi na miwili. Lakini maelezo ya jalada la nyuma nimeyahifadhi neno kwa neno.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda kwa mchora mabango, yule anayeandika majina ya saluni na gereji. Nikamwagiza herufi nyekundu, kubwa: MJANE HASEMI! Akauliza mjane gani. Nikamweleza. Akasema ahaa, ile filamu, ameiona, tamu sana. Nikameza mate, nikamtajia vipimo. Bango lilikuwa bado halijaanza kuchorwa.

Jioni nikapita kwa shemeji, mdogo wake mke wangu. Amekubali kuandamana nikimpa chakula cha mchana. Mshonaji, mwanachama mwenzetu, naye amekubali, maana cherehani yake iko kwa fundi. Tumefika watatu. Umati!

Jumatano, 11 Juni

Saa tisa kamili tulikuwa mbele ya sinema. Bango likaletwa limefunikwa gazeti. Nikalifunua kwa mbwembwe.

MJANE HASEMEKI!

Nikamwuliza mchora mabango ameandika nini. Akasema "hasemi" ilikuwa fupi, upande wa kulia ukabaki mtupu, basi akairefusha kidogo. Kidogo! Nilitaka ijulikane mjane hafungui kinywa, yeye kawatangazia watu kwamba mjane ni mzuri kupita maneno.

Muda wa kurekebisha haukuwepo. Nikapaza sauti: "Msiingie jamani! Hamtaamini mtakayoyaona!"

Sasa natambua kwamba sentensi ile nayo ilikuwa na kasoro.

Watu wakasimama. Wakasoma bango. Wakaingia. Foleni ikafika duka la viatu. Meneja wa sinema, mama mfupi mwenye rundo la funguo kiunoni, akatuletea viti. Kisha maji baridi. Kisha kipaza sauti.

Shemeji akasema lazima ajue anachokipinga, akaingia. Hakutoka mpaka taa zilipowashwa. Analia! Nyuma yake mshonaji, analia vilevile. Huyo hata sikumwona alivyoingia.

Alhamisi, 12 Juni

Meneja amenifuata maktaba. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili mbele ya wasomaji, akaniita kaka, akaniomba tuandamane tena kesho na kesho kutwa. Ila tuwahi, saa nane.

Mfamasia alikuwa pale, anarudisha vitabu vinne. (Aliviazima Jumatatu!) Akatabasamu. Akasema, kwa upole ule wake unaoudhi, kwamba hajapata kuona mtu akiipenda filamu kiasi hicho.

Nikawaka. Nikamwambia kesho jioni kwenye kikao cha chama nitatoa mhadhara. Makosa yote ya filamu, moja baada ya jingine, riwaya mkononi! Akasema vizuri sana, atawatangazia wanachama.

Nyumbani nikafungua ukurasa wa themanini na moja. Usingizi. Nikanywa chai, nikafungua tena. Usingizi. Mke wangu, aliyeisoma mara mbili, akasema angenisimulia. Nimekataa. Mtu ana heshima yake. Tena sihitaji, nimegundua njia! Filamu imekosea kila kitu. Kwa hiyo nikichukua kila kilichomo kwenye filamu nikakigeuza kichwa chini miguu juu, napata riwaya. Ajabu kwamba hakuna aliyelifikiria hili kabla yangu.

Ijumaa, 13 Juni

Nitaandika upesi.

Chumba cha nyuma cha maktaba. Watu kumi na sita, mimi nikiwemo. Nilianza vizuri. Nikasema filamu imempa mjane pikipiki, riwayani hana. Makofi! Riwayani haimbi. Makofi! Hasemi na mbuzi. Makofi tena, isipokuwa mshonaji, aliyekuwa anatazama viatu vyake. Yule mbuzi alimpenda.

Hapo nikanogewa. Nikasema: na ule moto kwenye filamu je? Mwandishi gani wa heshima angechoma ghala? Riwayani ghala haliungui hata kidogo!

Feni ikaanza kusikika.

Mfamasia akauliza, taratibu, sura ya tisa basi inahusu nini. Nikasema inahusu ghala, likiwa zima. Mtu wa nyuma akageuza kicheko kuwa kikohozi. Nikakaza mwendo. Nikasema hata yule binti wa mjane, anayekufa kwenye filamu, riwayani yu hai na ana afya njema. Mzee mmoja akavua miwani akafumba macho.

Mfamasia akasema labda ndugu karani amechoka, atukumbushe tu lile neno la mwisho la mjane, kisha tunywe chai.

Neno! Jalada la nyuma halilitaji! Na kwenye filamu mjane anasema maneno elfu, ningegeuza lipi? Nikamtazama mke wangu, safu ya pili. Alikuwa ananichezeshea midomo waziwazi, macho yamemtoka. Mungu ambariki. Nikainua kidole, nikatamka kwa sauti nzito ya mjane:

"Kaa!"

Watu wawili waliokuwa wamesimama mlangoni wakakaa.

Kumbe mke wangu alikuwa ananiambia mimi nikae.

"Imetosha," akasema mfamasia.

Nikamjibu kwa ukali kwamba bado sijamaliza.

"Hapana, ndugu yangu. Ndilo neno lenyewe la mjane: imetosha."

Jumamosi, 14 Juni

Kura. Mfamasia kumi na tano, mimi moja. Nimejumlisha kwa njia zote. Nimemwuliza mke wangu. Akasema kura ni siri, kisha akaniuliza chai aniwekee vijiko vingapi vya sukari, jambo analolijua tangu tuoane.

Alasiri akanikalisha sebuleni, akaanza kunisomea kwa sauti kuanzia ukurasa wa themanini na moja. Mjane analitoa koti la marehemu sandukuni, analiweka upande mmoja wa mizani. Upande wa pili anaweka mawe, moja moja, mpaka pande mbili zinakuwa sawa. Kisha anakaa anatazama. Basi.

Sikusinzia. Nikamwomba arudie pale. Akarudia. Nikasema kuna vumbi humu ndani. Akasema ndiyo, lipo, akanisogezea leso.

Jumapili, 15 Juni

Tumefika ukurasa wa mia na kumi na nne. Nimemwambia mke wangu asimame hapo hapo. Nimeshaielewa. Mwandishi ana kipaji, sikatai, ila anachelewa.

Nikiwa nanyoa ndevu, wazo! Nitaandika riwaya yangu mwenyewe. Kurasa mia saba! Mfamasia atalazimika kuisoma na kuitolea mhadhara, nami nitakaa safu ya mbele nikimsahihisha.

Nimenunua daftari la jalada gumu. Ukurasa wa kwanza, jina langu. Wa pili, shukrani kwa wote walionipongeza. Sehemu ngumu imekwisha.

Mke wangu ameuliza itahusu nini. Nimemwambia asinivuruge, kuna la haraka zaidi. Nawaandikia barua watengenezaji wa filamu, kuwakataza kabisa wasije wakaiharibu riwaya yangu. Barua kali sana. Mwishoni nimeweka namba yangu ya simu, mara mbili, wasije wakaikosa.