Tovuti Nizipendazo, na Mke Aliye kwa Dada Yake

Jumatatu, 4 Machi
Asubuhi mbaya. Chai ya rangi, mkate mkavu, nyumba kimya. Mke wangu bado yuko kwa dada yake. Alikwenda kupumzika kidogo baada ya mazishi ya mama yake, na hilo "kidogo" sasa limeota mizizi.

Kazini, mhariri wa tovuti ya chuo kaja ofisini kwangu. Ana safu ya kila wiki: mhadhiri anataja tovuti anazozipenda, za kazi na za kujiburudisha. Zamu yangu imefika. Nikamwambia nimebanwa mno. Akasema hakuna neno, atamwomba tena jirani yangu wa chumba cha pili, wasomaji walimpenda sana. Nikamwambia kesho ataipata!

Jirani huyo tunamwita Kipaza. Anafundisha utangazaji. Mimi ni profesa wa mawasiliano na yeye ni dakta tu, lakini safu yake ilipata maoni kama siafu. Alitaja tovuti ya kutambua ndege kwa sauti zao. Ndege! Mtu asiyeweza kumtofautisha kunguru na kuku.

Halafu wazo likanijia. Shemeji yangu, huyo dada mtu, alisoma chuo hiki na safu hiyo haimpiti. Akiisoma yeye, ataisoma na mke wangu. Basi haitakuwa safu tu. Itakuwa chambo.

Jumanne, 5 Machi
Nimeandika. Tovuti za kazi hazikunisumbua: maktaba ya majarida, hifadhi ya hotuba za zamani za redio, kamusi, na ile inayokuonyesha nani amenukuu kazi yako. Hiyo ya mwisho naifungua kila siku kabla sijanawa uso. Jana hakuna. Leo hakuna.

Burudani ndiyo iliyonitoa jasho. Ukweli ni kwamba tangu mke wangu aondoke natazama video za watu wakiosha mazulia. Zulia linaletwa jeusi tititi. Linamwagiwa maji, linasuguliwa, rangi zinaanza kutokea. Natazama moja, nyingine inafuata, jioni imekwenda. Juzi nililia kidogo kwa ajili ya zulia la buluu. Sasa hilo profesa ataliandikaje?

Nikaandika kwamba najifunza ufundi bomba mtandaoni. Kwamba bomba la jikoni, lililomkera mke wangu miaka nenda miaka rudi, nimelitengeneza kwa mikono yangu. Nikaongeza chaneli ya mapishi na nyingine ya kutunza maua. Mume gani huyo! Nilipomaliza kuisoma nilitamani anioe mimi.

Bomba lenyewe linavuja. Nimeweka ndoo.

Alhamisi, 7 Machi
Safu imetoka. Hadi adhuhuri, maoni mawili. La kwanza la mhariri, kunishukuru. La pili la Kipaza: kanipa hongera, kisha kauliza bomba la choo cha ghorofa yetu nitalitazama lini. Mshenzi.

Hapo nikafanya jambo la kitaalamu. Nimefundisha maisha yangu yote kwamba sifa huaminika ikitoka kwa mtu wa pembeni. Nikafungua anwani mpya ya barua pepe, nikajisajili kwa jina la Mama Maua. Mjane, mpole, mpenda bustani. Mama Maua akaandika kwamba safu imemgusa, kwamba laiti marehemu wake angekuwa na mikono ya namna hii, na kwamba mwanamke mwenye mume huyu asikae naye mbali hata siku moja. Akamalizia kwa kiungo cha makala kuhusu ndoa na kazi za nyumbani, kwa wanaotaka kusoma zaidi.

Alasiri mke wangu akajibu! Palepale, mbele ya chuo kizima. Kamwambia Mama Maua kwamba kama anamtaka mume huyo aje amchukue, ufunguo uko kwa jirani.

Kipaza kaweka kijikatuni cha kucheka. Nimeona aibu hadi masikio yakawaka. Lakini amesoma! Samaki amegusa ndoano.

Ijumaa, 8 Machi
Tovuti inaruhusu wasomaji waandikiane faragha. Mama Maua akamwandikia mke wangu, mwanamke kwa mwanamke, akamuuliza kulikoni.

Jibu lilinikuta kwenye kikao cha idara. Nililisoma chini ya meza. Mke wangu anasema kwamba jioni moja baada ya mazishi alikuwa ameketi kitandani, kashika miwani ya mama yake, analia. Mimi nilikuwa sebuleni. Simu yake ikatoa mlio. Ni mimi, nimemtumia viungo vya makala kuhusu namna ya kukabiliana na msiba. Kutoka sebuleni. Anasema hakuvifungua. Alifungua kabati, akatoa begi.

Sikujua habari ya miwani. Kikao kiliendelea, sikusikia kilichoamuliwa. Naambiwa nimechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya vyoo.

Ila vilikuwa viungo vizuri sana. Kimoja kilikuwa na video.

Jumapili, 10 Machi
Tumeandikiana tangu asubuhi, yaani Mama Maua na mke wangu. Kamsimulia habari za mama yake: alivyokuwa akipiga pasi huku akiimba nyimbo alizozitunga mwenyewe, alivyowafungia wanawe mlango ili alie peke yake, alivyomshika mkono siku ya mwisho na kumuuliza kama amekula. Mimi nimekuwa mkwe wa mama huyo miaka mingi. Sikuwahi kuyasikia haya. Lakini Mama Maua anauliza swali, kisha anasubiri. Sijui nimemtoa wapi mwanamke huyu.

Nilifurahi. Naandika waziwazi: nilifurahi. Wali umeungua, sikujali.

Kuelekea jioni Mama Maua akamtumia kiungo cha mtaalamu mmoja wa kuhifadhi kumbukumbu za wazee. Mke wangu akaandika kwamba Mama Maua anamkumbusha mtu. Nikajibu upesi kwamba sisi wajane tunafanana. Nimechomoka kama sindano!

Jumatatu, 11 Machi
Balaa. Wiki iliyopita niliwapa wanafunzi zoezi: watafute maoni ya uongo mtandaoni, waeleze wameyatambuaje. Leo binti mmoja wa mstari wa mbele, asiyekosa kipindi, akasimama na kuwasha projekta. Mama Maua huyo, ukuta mzima!

Akapitia dalili nilizowafundisha mwenyewe. Akaunti imefunguliwa siku ileile safu ilipotoka. Haijatoa maoni kokote kwingine. Haina picha. Na kubwa zaidi, akasema, hajapata kuona mjane anamlilia marehemu mumewe kisha anaweka rejea. Darasa likaangua kicheko. Akahitimisha kwamba mwandishi ni msomi, ni mpweke, na huenda yumo katika jengo hili.

Nikamwambia amekimbilia hitimisho. Nikampa alama za wastani na kiungo cha kujisomea. Akakitazama kile kiungo. Akanitazama mimi. Akakaa taratibu, bila kubisha. Angebisha ingekuwa nafuu, kuliko jicho lile la huruma nililorudi nalo nyumbani.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakuwa na mtandao.

Jumatano, 13 Machi
Siku kubwa. Asubuhi mke wangu alimuuliza Mama Maua: mume anayemtaka mkewe si angepiga simu? Mama Maua akajibu kwamba wanaume waliosoma sana huona haya. Mke wangu akasema haombi hotuba. Haombi maelezo wala kitu cha kusoma. Hata akikaa kimya upande wa pili, apumue tu, itatosha. Leo jioni, saa kumi na moja, atampigia yeye mwenyewe, mara moja tu. Akipokea, kesho anarudi nyumbani. Asipopokea, atamwambia dada yake amtafutie chumba cha kupanga. Akaongeza kwamba anamwambia Mama Maua haya yote ili pasiwe na mtu wa kusema hakujua.

Nikafagia sebule. Nikatandika shuka safi. Nikanyoa ndevu, kana kwamba ndevu huonekana kwenye simu. Saa kumi na nusu nilikuwa nimekaa mezani, simu mbele yangu, nimevaa shati la kola. Namkumbuka mke huyu. Nakumbuka hadi sauti ya ndala zake.

Kisha wasiwasi ukaniingia. Je, akighairi? Mtu aliyefika ukingoni huhitaji neno la mwisho la kumtia moyo, hilo lipo hata kwenye vitabu. Nikafungua kompyuta. Mama Maua akaanza kumwandikia. Sijawahi kuandika barua nzuri kama ile. Ilihusu kusamehe. Ilihusu huzuni, na mikono ya akina mama. Nilikuwa nimefika kwenye aya ya kusikiliza, na sentensi niliyoitafuta muda wote huo ndiyo kwanza inakuja, simu ikaanza kuita.

Nikaikata. Nilihitaji dakika moja tu.

Alhamisi, 14 Machi
Barua ilimfikia. Amemjibu Mama Maua kwa maneno machache: anashukuru, ameelewa, hataandika tena. Nimempigia mimi mwenyewe tangu jana, simu haipatikani.

Mchana shemeji kapiga. Nikadhani ananiletea habari njema. Kasema chumba kimepatikana na Jumamosi gari litakuja kuchukua kabati na kitanda cha wageni. Kasema mganga hajigangi. Nikajaribu kumweleza, akanikatia. Kipaza kapita mlangoni na kuniuliza kama niko salama; nikamwambia nina kazi.

Na kazi ninayo. Nimelichunguza jambo hili kwa kina na kosa nimeliona. Mama Maua alikuwa peke yake, na ushahidi wa mtu mmoja hautoshi. Nimemfungulia akaunti kaka yake. Mwalimu mstaafu, mcheshi, mcha Mungu, safari hii na picha. Kesho asubuhi atamwandikia mke wangu kujitambulisha, na nimeshamtafutia makala ya kuanzia.