Stika Nyekundu Kwenye Pipa la Fundi Saa

Kwa Ndugu Mkuu wa Idara ya Usafi,

KUHUSU: KUONEWA KWA PIPA LANGU LA BLUU

Salamu nyingi, na pole kwa kazi, maana kushinda kutwa na taka za watu wengine si jambo dogo. Mimi ni mkazi wa nyumba ya kona, ile yenye geti lisilofunga vizuri. Kwa kazi ni fundi saa. Naomba hilo uliweke moyoni unaposoma, kwa sababu mtu anayetenganisha vipande vidogo kuliko punje ya mchele tangu asubuhi hadi jioni hawezi kushindwa kutenganisha chupa na karatasi.

Idara yako ilipotuletea mapipa mawili, jeusi la taka za kawaida na la bluu la vitu vinavyorudi kiwandani, nililipokea jukumu la kuchambua taka za nyumba yetu kwa moyo mkunjufu. Hakuna aliyenichagua, nilijichagua mwenyewe. Lakini kila gari lenu linapopita, jirani yangu, mkunga mstaafu, anabandikiwa stika ya kijani yenye uso unaotabasamu, nami nabandikiwa nyekundu yenye uso ulionuna. Nimevumilia hadi yamenifika shingoni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Stika yenyewe inang'aa kupita kiasi. Ukitokea dukani unaiona stika kwanza, ndipo unaiona nyumba. Wateja wangu siku hizi wananisalimu huku macho yao yakiwa kwenye pipa, kisha wananipa pole kama nimefiwa. Na haibanduki! Nimejaribu maji ya moto, mafuta ya taa na kisu cha mkate. Macho yametoka, mdomo ulionuna umebaki.

2. Mshtakiwa haelezwi kosa lake mpaka aulize. Nilimfuata msimamizi wa gari lenu, yule mnene anayening'inia nyuma akipiga mluzi, nikamuuliza kwa adabu. Akaniambia kopo langu la nyanya lina nyanya. Ndugu Mkuu, kopo la nyanya liwe na nini? Hata hivyo sikubishana. Safari iliyofuata nililiosha kwa sabuni, nikalianika kwenye kamba pamoja na soksi zangu. Nikapata nyekundu kwa ajili ya tyubu ya dawa ya meno, eti mwili wake unakwenda pipa hili na kifuniko chake pipa lile. Nikaitenganisha kwa bisibisi ya saa. Nikaambiwa sasa boksi limelowa. Lilikuwa limelowa mvua, na mvua sikuileta mimi.

3. Namshuku mkunga. Namheshimu sana, yeye ndiye aliyempokea mke wangu alipozaliwa, lakini taka zake hazina ubinadamu. Chupa zimepangwa kwa urefu. Magazeti yamefungwa utepe. Mtu anayekula kweli, akapika na kuunguza, hutoa taka zenye aibu kidogo. Naomba idara ichunguze kama yule mama anakula, au ananunua vitu kwa sababu ya makopo yake tu. Mimi kwa kumwiga nimebadili chakula cha nyumba nzima: tunakula vitu vya chupa, kwa kuwa chupa huosheka. Watoto wanaamka na jamu na wanalala na jamu, na wameanza kuninunia.

4. Hili ndilo linaloninyima raha kuliko yote. Ninaye shemeji, mdogo wa kiume wa mke wangu, ambaye watoto humwita Mjomba Wiki Moja kwa sababu alikuja kukaa wiki moja, wakati huo wao hawajaanza hata shule. Analala kwenye chumba changu cha saa, na meza yangu ya kazi imehamia korido. Hana shughuli yoyote, na hilo ndilo tumaini langu pekee, maana hata mke wangu ameanza kukiri kwamba mtu mzima hawezi kukaa bure milele. Sasa, baada ya nyekundu ya juzi, mke wangu ametangaza mezani mbele ya watoto kwamba nikipata nyingine, mapipa anakabidhiwa shemeji. Tafakari, Ndugu Mkuu! Mtu akishapewa cheo ndani ya nyumba hafukuziki tena. Leo pipa, kesho funguo, keshokutwa ananiuliza mimi naondoka lini.

Hivyo naomba kwa unyenyekevu stika nyekundu zifutwe mtaani kwetu. Ikishindikana, zibandikwe chini ya pipa. Ikishindikana, liundwe baraza la rufaa likae nyumbani kwangu, viti ninavyo, nami niwe mwenyekiti ili kuwapunguzia usumbufu. Na ikishindikana hiyo nayo, gari lenu lipite kwangu bila kusimama. Niko radhi kuishi na taka zangu zote kuliko kuishi na shemeji mwenye cheo.

Nisalimie dereva, mpiga mluzi, wanaofagia, wanaopima kwa mizani, na wote wa nyumbani kwako wanaochambua.

Ndimi mkazi wako mtiifu, nikiwa na kopo mkononi,
Fundi Saa wa nyumba ya kona

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, gari limepita. Kijani! Uso unacheka hadi jino la mwisho! Nimemkumbatia mpiga mluzi, nimempungia mkono mkunga, na nilikuwa nimeanza kuyafuta malalamiko yote kwa kalamu ndipo mke wangu alipotoka na futi ya kupimia mapazia. Kumbe jana, nilipokuwa nimejifungia nakuandikia, shemeji alichoka kukaa, akalimwaga pipa uani na kulichambua upya lote. Sasa dada yake anapima dirisha la chumba cha saa, anataka apate mapazia mazuri, maana amesema huyu kijana hatumwachii aende popote. Kwa hiyo, Ndugu Mkuu, puuza yote niliyoandika hapo juu na unirudishie yule mtu wa stika haraka, aje na nyekundu. Pipa nimeshalimwagia mchuzi wa jana mimi mwenyewe, na nimesimama nalo getini.