Zamu ya Baiskeli Yangu Saunani

Jumamosi, 25 Aprili

Leo usafi wa pamoja wa jengo letu. Kila mtu na reki yake, halafu soseji za kuchoma. Nikaishusha baiskeli yangu ghalani, ilikoning'inia kwa gurudumu la mbele tangu Oktoba kama mbuzi buchani. Watu wa mji wetu huu wa Oulu, hapa Ufini, huendesha hata theluji ikifika magotini. Wendawazimu! Mimi nina akili, baiskeli yangu hupumzika.

Nikabonyeza breki mbele ya wote. Mkono wa breki ukalala hadi kwenye usukani. Laini kama uji. Nikabonyeza tena. Uji.

Tellervo wa ghorofa ya pili, ambaye hajawahi kupumzisha kitu chochote, ulimi wake ukiwemo, akasema hewa imeingia kwenye mirija ya mafuta. Nusu saa tu, bomba la sindano na mafuta mapya, ataitoa. Nikamjibu kwamba breki zangu haziumwi, hazihitaji muuguzi. Akacheka, soseji ikiwa mdomoni. Malezi hayo.

Ijumaa ni Vappu, sikukuu yetu ya Mei Mosi. Miaka kumi na mmoja nimeongoza msafara wa baiskeli wa jengo letu, bendera mkononi, kofia nyeupe kichwani. Asiye na breki haongozi. Sheria hiyo niliitunga mimi, nikimlenga mtu mwingine. Anayefuata kwenye orodha ni Tellervo. Bora nizikwe.

Jumapili, 26 Aprili

Nimebonyeza breki mara mia tano mbele ya televisheni. Hazikupona. Kidole kimevimba.

Mke wangu Helmi kasema nimwite Tellervo, sikio la kufa halisikii dawa. Miaka thelathini na minne ya ndoa, na bado yuko upande wa ghorofa ya pili.

Jumatatu, 27 Aprili

Nimepata! Wazee wetu walisema ugonjwa usioponywa na sauna, pombe wala lami, huo ni wa kaburini. Hawakusema ugonjwa wa nani. Zamu yetu ya sauna, chumba cha mvuke cha jengo, ni Jumatano, saa kumi na mbili jioni. Helmi atasubiri wiki ijayo. Kanuna.

Jumatano, 29 Aprili

Baiskeli benchi la juu, mimi la chini. Nikamwagia mawe maji, mvuke ukapanda vizuri. Baada ya dakika ishirini nikabonyeza. Ngumu! Ngumu kama jiwe! Nikaimba peke yangu.

Nikatoka na taulo langu na baiskeli yangu. Tellervo alikuwa ukumbini akingoja zamu yake. Akaniuliza kama mzee mwenzangu huyu, yaani baiskeli, ameshajichapa matawi ya mbetula kama desturi ya sauna, au amuazime ya kwake. Nikampita bila kumtazama. Baiskeli ilimtonea maji miguuni. Vizuri.

Alhamisi, 30 Aprili

Breki zimekuwa uji tena. Hila haijashindwa, ila imepoa. Dawa ya moto ni moto: kesho napasha tena, kisha naondoka moja kwa moja. Kwenye orodha ya sauna nimeandika jina langu, saa mbili asubuhi.

Ijumaa, 1 Mei, Vappu

Baridi, theluji nyepesi. Nimeitoa baiskeli saunani nimeifunga blanketi la sufu. Kiti kimoto, nimekaa kwa ushujaa. Breki jiwe tupu. Tellervo mwenyewe alizibonyeza, akakunja uso, akasema haya, ongoza basi. Siku tamu kuliko zote!

Desturi inataka kiongozi aseme maneno machache. Nikasoma kurasa tisa. Nilikuwa na mengi juu ya watu wasiojua kutunza vyombo vyao. Kufikia ukurasa wa saba kiti kilishaanza kunigandisha. Sikuona umuhimu wake.

Nikashika bendera, nikateremka mlima wa kanisani. Katikati nikabonyeza. Uji. Nikabonyeza kwa mikono yote miwili, bendera nikaiachia. Chini ya mlima palikuwa na meza ya maandazi ya Vappu, ya kamati ya jengo, maandazi mia mbili.

Goti limeteguka. Kofia imejaa sukari. Tellervo alisimama, akaniuliza kama kuna mfupa uliovunjika. Nikasema hakuna. Akaokota bendera, akaendelea mbele na watu wote nyuma yake, wakiimba. Niliumia. Si goti tu.

Jumapili, 3 Mei

Nimechechemea hadi ghalani kuiaga baiskeli. Nikabonyeza breki kwa huzuni. Jiwe! Baridi kabisa, na ni jiwe! Nikarudia mara arobaini. Jiwe.

Sakafuni palikuwa na chupa tupu ya mafuta, bomba la sindano na vitambaa vichafu. Watu wa jengo hili hawana ustaarabu, wanatupa takataka popote. Helmi anasema jana Tellervo alishinda humo nusu saa, akatoka na mikono myeusi. Sijui alikuwa akichafua nini.

Jambo liko wazi: joto la sauna huchukua siku mbili kupenya. Kosa langu lilikuwa haraka. Nimebandika tangazo mlangoni pa sauna, majirani wajifunze, na nakala nimeitia chini ya mlango wa Tellervo, maana yeye ndiye mwenye shida zaidi.

Goti likipona nitaendesha. Kwa sasa nimeitundika palepale, kwa gurudumu la mbele. Mwakani naongeza lami.